Hukuuliza Kuhusu Theluji

Hinterfalz, Tirol
8 Oktoba 1989

Mdogo wangu Romed,

Pokea salamu za nyumba nzima ya Steig, na za ng'ombe pia, maana wameshuka kutoka malishoni Jumamosi iliyopita na afya zao zinatushinda sisi. Mama anakusalimu. Nyonga inamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujambo kabisa. Shemeji yako Vinzenz ameezeka upya paa la ghala na ameanguka mara moja tu, juu ya lundo la samadi, kwa hiyo mwaka huu tunamshukuru Mungu hata kwa samadi. Sisi wazima. Tunayemwaza ni wewe.

Sasa nieleze jambo moja. Tarishi alinipa kadi yako mlangoni, nikaisoma papo hapo nikidhani unatuambia siku ya kuja. Kumbe unaniomba nikutumie vijitabu vya maeneo ya kutelezea ski, hasa cha Gurgnach, bonde la pili! Eti wewe na marafiki watatu wa Hamburg mnatafuta mahali pa siku nne mwishoni mwa Februari. Romed, mimi ndiye ninayeendesha lifti ya Hinterfalz, ile ya kupandisha watelezaji mlimani. Umemwandikia muuza mkate ukimwomba akuelekeze kwa muuza mkate mwingine.

Na mwishoni mwa Februari unajua kuna nini. Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, tarehe 25, ni Mteremko wa Kengele. Tangu Baba atutoke hatujateremsha kengele ya Steig, sasa ni miaka miwili. Kanuni unaijua kama ninavyoijua mimi: mwanamume aliyezaliwa ndani ya nyumba ateremke kwa ski kutoka kikanisa cha juu hadi uwanjani, na kengele ya nyumba isinyamaze njiani. Nyumba ikikosa mara tatu mfululizo, kengele yake inatolewa kwenye ukuta wa ukumbi wa kijiji na kupelekwa kanisani, kuning'inia pamoja na kengele za nyumba zilizokwisha. Vinzenz kazaliwa kwingine. Mimi Mungu hakunipa mtoto. Umebaki wewe.

Alfons, mwenyekiti wa mteremko, ameshaniuliza kama ndoano yetu ukutani itakuwa wazi kufikia masika. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi.

Kwa hiyo walete hao marafiki zako hapa. Vyumba vipo. Vijitabu nakutumia, kwa kuwa umeomba na mimi si mchoyo, lakini usiache mbachao kwa msala upitao.

Dada yako,
Burga


Hamburg
29 Oktoba 1989

Dada yangu Burga,

Salamu zako zimefika, na vijitabu vimefika, na harufu ya zizi imefika navyo, nikakaa nayo jikoni kwa muda. Huku mvua. Mimi sijambo. Ofisi ya ramani za bandari ni ile ile, watu ni wale wale. Mbusu Mama, mwambie asipande ngazi ovyo.

Ungejua ninavyoteseka na hawa watu usingenikaripia. Tumekutana kwangu mara tatu kuchagua mlima, na mara tatu tumeachana kwa hasira. Detlef anataka eneo lenye njia nyingi kuliko yote; amechukua uzi wa kushonea, ameulaza juu ya ramani za vijitabu na kupima kila njia, halafu anatutangazia matokeo kama hakimu. Gesche hataki kusikia habari za nyuzi. Anataka chumba cha mvuke, na chakula kisicho na mafuta ya nguruwe, Tirol! Hauke, tunayekaa naye ofisi moja, hajawahi kuvaa ski maishani. Anachouliza ni umbali wa kutoka mezani hadi kitandani. Nikisema huku, Detlef ananuna. Nikisema kule, Gesche anakunja mikono. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mimi ninao watatu. Wakichoka wananigeukia: "Wewe ndiye mtoto wa milimani, wewe ndiye mchora ramani, chagua basi!"

Nadhani itakuwa Gurgnach. Wewe unafahamiana na watu wa lifti kule, naomba uniulizie mambo machache. Ile lifti yao ya vibanda, mtu anaruhusiwa kushuka nayo mpaka chini, hata mchana? Njia zao zina nguzo pande zote mbili, na zimepakwa rangi gani? Na vibao vya majina ya njia vina maandishi makubwa, au ni vile vidogo vya kizamani?

Habari ya kengele tutaiongea.

Ndugu yako,
Romed


Hinterfalz
19 Novemba 1989

Romed,

Mama hajambo. Vinzenz ana mafua na anakufa, kama kila mwaka. Tumeona kwenye televisheni watu wamekaa juu ya ukuta wa Berlin, na Mama alilia ingawa hajawahi kufika Berlin wala hana mtu huko. Nadhani Hamburg nako kumejaa magari madogo ya watu wa mashariki yanayofuka moshi. Jua limetuaga hapa kijijini tarehe 11, halitapita tena juu ya kilele mpaka mwanzoni mwa Februari. Wa Gurgnach wameshaanza utani wao, eti sisi ni popo.

Nimekwenda kukuulizia. Nimepanda basi, nimeshuka kule kwenye jua lao, nimemtafuta yule Luis wa lifti ya vibanda, na nimeuliza maswali yako mbele ya vijana wake watano. Luis akasema, "Kushuka na lifti? Burga, huyo kaka yako amekuwa bibi kizee?" Vijana wakacheka. Nikamwambia mdogo wangu alishinda Mteremko wa Kengele akiwa na miaka kumi na tisa, na wakati huo yeye Luis alikuwa bado anateleza kwa makalio. Halafu nikapanda basi kurudi na uso umewaka moto. Jibu ni hili: ndiyo, unaweza kushuka nayo. Nguzo zipo, za rangi ya chungwa. Vibao sikuuliza, nilikuwa nimeshatosheka.

Unanipeleka kuaibika kwa ajili ya starehe za watu nisiowajua! Na wewe huandiki neno moja kuhusu kengele ila "tutaiongea". Tutaiongea wapi? Simu yetu iko kwenye korido, na wageni wote ni masikio.

Halafu maandishi yako. Herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mistari yote inapanda kulia kana kwamba nayo imepanda lifti. Barua nzima ilijaza karatasi sita. Huko Hamburg karatasi zinagawiwa bure?

Nimemwambia Alfons kwamba Steig itakuwa na mtu. Nimeshasema. Usiniangushe.

Burga


Hamburg
10 Desemba 1989

Dada Burga,

Heri ya Noeli kwa Mama, kwa shemeji na kwako. Samahani kwa kuandika kwa mashine, naitumia ya ofisini baada ya kazi.

Tumeshaamua. Ni Gurgnach, kuanzia Ijumaa tarehe 23 hadi 26 Februari. Detlef ameridhika na nyuzi zake na Gesche amepata chumba chake cha mvuke.

Sitateremsha kengele. Mwambie Alfons asiningojee. Tafadhali usiniulize sababu, na usimwambie Mama kwamba nitakuwa bonde la pili.

Romed


Hinterfalz
28 Desemba 1989

Romed,

Sikutakii heri wala shari. Mama mzima. Barua yako ilifika siku moja kabla ya Noeli, nikaificha ndani ya kopo la unga mpaka sikukuu ipite, na nilipika chakula chote cha sikukuu huku kopo likinitazama.

Unataka nimfiche Mama kwamba mwanawe atakuja mwendo wa nusu saa kutoka kwake, ateleze siku nne na watu wa Hamburg, kisha arudi zake bila kumpa hata mkono? Mtu wa namna gani huyo? Mkataa kwao mtumwa, Romed. Nilifikiri tunalitumia neno hilo kwa watu wengine.

Nitakwambia ninavyoona. Unatuonea haya. Unaona haya lifti yetu ya kiti kimoja kimoja. Unaona haya kijiji kisicho na jua, meza yenye mafuta ya nguruwe, dada mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi. Marafiki zako wakutazame ukipita Gurgnach na miwani ya jua wakuone bwana. Haya. Nenda. Lakini usinipe kazi ya kumwambia Alfons. Nimekaa miaka miwili nikipita chini ya ukuta ule nikiiona kengele yetu imejaa vumbi, na kila Jumapili Mama ananiuliza, "Mmeifuta?" Mwaka huu nilimwambia hatutakuwa na haja ya kuifuta, Romed ataikung'uta mwenyewe. Alicheka. Unajua ni lini mara ya mwisho Mama kucheka?

Theluji hakuna popote, ikiwa unataka kujua. Kwetu kuna kiasi, kile cha Novemba, kwa kuwa hakuna jua la kuiyeyusha. Gurgnach ni kahawia kama mgongo wa ng'ombe. Nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi!

Sitaandika tena mpaka uandike wewe.

Burga


Hinterfalz
21 Januari 1990

Romed,

Nilisema sitaandika na sasa naandika, kwa hiyo unaona nani kati yetu hana msimamo. Karibu mwezi mzima hujajibu hata tusi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimekaa nikiusubiri huo mshindo.

Sikiliza. Jumanne Mama aliniambia nimsomee barua zako, zote za tangu vuli. Nilijaribu kuruka ile ya Desemba, akasema, "Na ile iliyokuwa kwenye unga." Anajua kila kitu mwanamke huyu. Nikamsomea. Nilipomaliza nilimwambia, unaona sasa, mwanao. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. Akasema:

"Huyu hajauliza kuhusu theluji."

Nikamwambia ameuliza mambo mengine chungu nzima. Akasema, "Ndiyo. Ameuliza lifti ya kushuka. Ameuliza nguzo ni za rangi gani. Ameuliza maandishi kama ni makubwa. Mtu wa Hinterfalz akiuliza mlima anauliza theluji. Lete nizione hizo herufi." Nikamwonyesha ile barua ya karatasi sita. Aliipapasa kwa kidole kama kitambaa cha dukani, akasema, "Kaka yangu Ingenuin alianza hivi hivi. Barua zake za jeshini zilikuja na herufi kubwa kama mayai. Walimrudisha nyumbani baada ya Pasaka, na tangu hapo hakuniona uso."

Mjomba Ingenuin mimi nilimkuta kwenye benchi lake karibu na jiko. Nilijua haoni. Sikujua alianzaje, hakuna aliyewahi kusema.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja, na safari hii utanijibu. Macho yako yana nini?

Na yale ya kukuita mtumwa, yaweke pembeni kwanza. Nikipata jibu nitajua kama niyafute au niyaongeze.

Burga


Hamburg
1 Februari 1990

Dada yangu,

Maandishi haya ni ya Hauke. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asiongeze la kwake. (Dada Burga, shikamoo, mimi ni Hauke. Nitaongeza kidogo tu.)

Mwambie Mama kwamba amenikamata.

Ilianza Agosti kwa jicho la kushoto. Nilifikiri miwani ni michafu, nikaifuta wiki nzima. Oktoba likafuata la kulia. Katikati ya kila kitu pana ukungu, pembeni naona. Nikimtazama mtu usoni naona masikio yake na mabega, lakini uso haupo. Daktari anasema giza kamili halitakuja, lakini na ukungu hautaondoka. Ofisini nilificha mpaka Novemba. Nilichora kina cha maji mahali penye gati, ramani ikarudishwa, nami sasa nimewekwa kwenye simu. Miaka kumi na nane ya kuchora, Burga! Nimekaa napokea simu na kusema "subiri kidogo".

Marafiki zangu nao walikuwa hawajui. Walinipa kazi ya kuchagua mlima nami sioni hata vijitabu. Niliwaacha wagombane, na aliyepiga kelele zaidi nilimkubalia. Wiki iliyopita Detlef alinikunjulia ramani ya Gurgnach, nikalisifia sana lile ziwa zuri la katikati. Lilikuwa doa la kahawa. (Kahawa yangu. Gesche akalia, halafu Detlef akaukata uzi wake.)

Unasema nawaonea haya. Ndiyo, naona haya, lakini si ninyi ninaowaonea. Gurgnach ningekuwa bwana mmoja wa Hamburg anayepanda na kushuka na lifti, nani angejali? Kwetu lifti ya kushuka hupanda mjamzito na aliyevunjika mguu. Mtoto wa Steig akishuka nayo hata padri atatoka nje kutazama. Na kengele nitaiteremshaje? Nilikuwa naijua njia ile usingizini, sasa usingizi wenyewe siujui. Nitaingia kwenye uzio wa watazamaji, mbele ya Mama. Afadhali aseme mwanangu ana kiburi kuliko aseme maskini mwanangu.

Nimechoka, Dada. Nimechoka na watu wanaonishika kiwiko nivuke barabara bila kuniuliza. (Huyo ni mimi. Sitaacha.)

Gurgnach wamepiga simu: hakuna theluji, wanatushauri tuahirishe. Detlef anauliza kwenu ipo kweli? Mimi sikuuliza, ni yeye.

Romed


Hinterfalz
7 Februari 1990

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako jikoni, nimeisoma tena kwa sauti kwa Mama, kisha nimekwenda zizini nikalia kwa haja yangu, nikamaliza. Mwambie Hauke marahaba, na aendelee kukushika kiwiko. Yale maneno ya mtumwa nimeyafuta. Lakini hasira sijaifuta. Miezi sita unavimba peke yako huko kama unga wa mkate uliosahauliwa! Mficha maradhi kifo humuumbua; wewe umeumbuliwa na doa la kahawa.

Sasa nisikilize, wala usikatize, maana najua unavyokatiza hata kwenye karatasi.

Kengele hii ni ya nini? Umesahau, na mimi nilikuwa nimesahau, mpaka Mama aliponikumbusha. Kabla watu hawajaifanya mashindano na karamu ya soseji, baba wa kila nyumba alifunga kengele mgongoni siku za ukungu mzito, akatangulia, na watoto wakateremka kutoka mashamba ya juu kwa kuufuata mlio. Ndiyo maana hairuhusiwi kunyamaza njiani. Baba alitufundisha hivyo hivyo. Ulikuwa na miaka minne, ukungu umefika mpaka magotini, ulikuwa unapiga kelele kwa furaha nyuma yake na huoni hata ncha za ski zako.

Kanuni inataka mwanamume wa nyumba ateremke na kengele isinyamaze. Haijasema kengele ikae mgongoni kwa nani. Itakaa mgongoni kwangu. Nitatangulia, wewe utafuata.

Usiniambie hutaki kuonewa huruma. Mimi sina huruma, nina ukuta wenye ndoano. Njoo Alhamisi tarehe 22 tufanye mazoezi siku mbili, saa ambazo lifti imefungwa na hakuna wa kututazama isipokuwa Vinzenz.

Theluji ipo. Jua lilirudi juzi, likachungulia, likaondoka. Mwambie Detlef tuna lifti moja na njia mbili, alete uzi mfupi. Mwambie Gesche chumba cha mvuke hatuna, lakini zizi lina joto. Mafuta ya nguruwe nitayaficha.

Ukikataa nitakuja Hamburg mwenyewe, nikushike kiwiko.

Burga


Hinterfalz
11 Machi 1990

Hauke, msomee polepole, na usiongeze la kwako.

Mdogo wangu Romed,

Sote wazima. Upepo wa mwanzo wa mwezi umeangusha miti mingi upande wa msitu, lakini paa la Vinzenz limeshika na sasa hakaliki naye. Mama anauliza kama Gesche alifika salama, na kama bado anakula. Tangu amwone amebugia bakuli mbili za vile vitonge vyenye nyama ya nguruwe bila kuuliza ni nini, anampenda kama binti.

Ulipoondoka nilikuwa na mengi ya kukwambia, lakini kwenye basi wote mliimba. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona. Nimefikiri sana kama ni ukatili kukuandikia. Nimeona ukatili ni kukunyima.

Pale juu kikanisani Alfons alikuwa amekunja uso tangu asubuhi. "Mwanamke na kengele!" akasema. "Watu wawili kwa nyumba moja!" Mimi nilikuwa nafunga kamba, na wewe ulikuwa umegeukia upande asipokuwepo, ukijaribu kumsalimia. Wanaume wote waliokuwa pale waliona hilo. Hapo ndipo walipojua, wote kwa mara moja. Yule Matthä, uliyekuwa ukipigana naye shuleni, alivua kofia, kisha akaona haya akaivaa tena. Alfons akatazama viatu vyake, akapuliza filimbi.

Mpaka Kona ya Msalaba ulikwenda vizuri kuliko mazoezini. Nilikusikia nyuma yangu. Ulikuwa unanitukana kwamba naenda polepole kama Mama akipanda ngazi, na nikaongeza mwendo kwa ujinga wangu. Kisha nikasikia ski zako zikikwaruza, halafu hakuna kitu.

Wewe unajua upande wako wa pale: ulianguka, ukainuka. Upande wangu ni huu. Niliposimama kengele ikaanza kunyamaza. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaitoa mgongoni, nikaitikisa katikati ya mlima kama kichaa, nikikutukana kwa kila jina ninalolijua la binadamu na la mnyama. Padri alikuwa uzioni, alisikia yote. Nilikuona umepiga magoti, unapapasa theluji ukitafuta fimbo yako. Watu wawili walitaka kuruka uzio kukusaidia. Hauke aliwazuia. Hauke, yule yule wa kiwiko! Alitandaza mikono akapiga kelele kwa Kijerumani chake cha bandarini, "Mwacheni! Anasikia!" Fimbo ilikuwa karibu nawe kabisa. Uliiacha. Uliinua kichwa, ukageuza sikio, ukaja moja kwa moja kwangu na fimbo moja, na uso wako ulikuwa ule ule wa miaka minne, kwenye ukungu, nyuma ya Baba.

Uwanjani Alfons alikuwa na maneno tayari. Akasema mbele ya kijiji kizima kwamba haijawahi kutokea, kengele kubebwa na mmoja na nyumba kuteremka na mwingine. Hukumsikia kwa sababu Detlef alikuwa amekukumbatia na kukulilia sikioni. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na jukwaa. Akainuka, na nyonga yake, akasema:

"Alfons. Nyumba ni mtu mmoja?"

Basi. Alfons akachukua kengele mikononi mwangu, akaenda kuitundika mwenyewe. Akaifuta kwanza kwa mkono wa koti lake. Hilo nalo nilitaka ulijue.

Detlef ameniachia uzi wake mfukoni mwa aproni, na kikaratasi: amepima njia zetu zote mbili, na anasema zinatosha. Gesche ameshaomba chumba kile kile kwa mwakani. Kwa hiyo mkikutana tena kwako kuchagua mlima sijui mtagombania nini, lakini mtapata tu, nawafahamu.

Leo Jumapili nimepita chini ya ule ukuta. Mama hakuuliza kama tumeifuta.

Mwakani, ukiniandikia kuhusu safari, usiniulize lifti wala nguzo. Niulize kuhusu theluji.

Dada yako,
Burga